Paka Mafuta Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza daftari. Ni la mistari, la kuandikia vipimo, lakini vipimo siandiki mimi. Vipimo anaandika Pimamaji, kibarua mwenzangu, anayelala na pima maji yake kama mtoto na mwanasesere. Mimi nabeba ndoo. Miaka kumi na mmoja nabeba ndoo, mpaka jina langu limekuwa Ndoo. Fundi akiita "Ndoo!" hujui anaita mtu au chombo. Tunakwenda wote wawili.

Barua ya mama watoto imefika. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, ana safari zake na atapita huku Jumamosi. Anataka kuiona sakafu niliyoiweka mimi. Moja tu, anasema, inatosha.

Sijaweka hata moja.

Kosa lenyewe ni dogo. Mwaka wangu wa tatu huku niliandika nyumbani kwamba sasa mimi ni fundi wa sakafu. Nilikuwa na homa. Mama watoto akawaambia ndugu zake, ndugu wakawaambia majirani, na tangu siku hiyo barua zinakuja zimeandikwa juu: Kwa Fundi, Baba Watoto. Mwaka huu mwanangu wa kwanza kajaza fomu ya shule. Kazi ya baba: fundi wa sakafu. Kwa wino! Penseli ningeweza kuirekebisha.

Na shemeji si mtu wa kudanganywa. Anagonga vitu. Siku ya kwanza nilipofika kwao alikigonga kisanduku changu kwa kifundo cha kidole, akasema kimejaa nusu tu. Ilikuwa kweli. Ilikuwa chini ya nusu.

Kazi tuliyonayo ni sebule ya Bibi, mwalimu mstaafu. Sakafu ya zamani tumeivunja, saruji mpya tumemwaga wiki mbili zilizopita, imekauka. Sasa achague cha kuweka juu. Hachagui. Ana mbwa, ana paka, na anataka sakafu nzuri. Anasema anataka sakafu inayomchekea mgeni mlangoni. Fundi kachoka. Leo katamka mbele yetu: atakayemfanya Bibi achague kabla Alhamisi haijaisha, ndiye atakayebandika sebule kwa mkono wake, na yeye Fundi atasimama mikono mfukoni. Alikuwa anamtazama Pimamaji. Lakini alisema "kati yenu". Nimesikia vizuri. Kati yenu nami nimo.

Tangu hapo miguu haitulii. Nimekwenda bombani mara nne bila kiu.

Jambo jingine la leo. Bibi kashinda dirishani akipaza sauti: Polepole! Polepole, jamani! Yule ni mama mtu mzima, nikamtii. Nikabeba ndoo polepole. Kufika mchana nilikuwa nimepeleka ndoo nne. Fundi akauliza nimebeba mchanga au mayai. Jioni ndiyo nikajua kwamba Polepole ni mbwa. Mweusi, mkubwa kama ndama, na tangu azaliwe hajapata kwenda polepole. Nani humpa mbwa jina la neno ambalo bado linatumika?

Basi. Nimejifunza. Jina haliwezi kunidanganya mara ya pili.

Jumanne, 4 Machi

Niliamka na mpango. Vigae vyeupe vinavyong'aa! Vile vya kujitazama ndevu. Nikaazima boksi moja dukani, nikavipanga ukumbini bila gundi, nikasugua kwa shati langu mpaka dari likaonekana chini. Bibi akaja. Akasema, ama kweli, ni vizuri. Neno hilo hilo, vizuri! Nikaanza kufikiri nitasimama vipi shemeji akiingia. Mkono mmoja kiunoni, nadhani.

Ndipo Polepole akatokea uani, mbio. Miguu minne ikaenda pande nne. Akatupita amelala ubavu, kimya, uso kama wa mtu aliyesalitiwa na ndugu, akaishia kabati la mifagio. Bibi kashika kichwa. Mbwa ni mzee, nyonga zake mbovu, daktari wa wanyama alishasema asiteleze. Nikamwambia atazoea. Pimamaji, aliyekuwa kainama anapima ukuta ambao hakuna aliyemtuma kuupima, akasema labda tumnunulie viatu. Wakacheka wote. Bibi naye. Hata mbwa, nadhani.

Halafu Bibi akaleta habari mpya. Mbwa wa mdogo wake kazaa, na mtoto mmoja ataletwa hapa Ijumaa. Bado anakojoa popote. Jina hajapata. Bibi anasema halichagui, atalisubiri limjie lenyewe.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Sakafu isiteleze kwa sababu ya nyonga. Isichanike kwa sababu ya kucha. Isinywe mkojo. Isionyeshe manyoya. Na imchekee mgeni. Nikasema hakuna shida, Bibi. Nikatoka nje nikakaa juu ya mchanga.

Paka nimemwona pia. Mweupe, mnene, anatembea kama mkaguzi wa shule. Bibi anamwita mwanangu. Sikuuliza jina lake. Majina ya nyumba hii yananitosha.

Jumatano, 5 Machi

Siku ndefu. Mipango mitatu kwa siku moja. Sikula mchana, nilikuwa natembea.

Mpango wa kwanza: zulia. Nilileta kipande cha rangi ya damu ya mzee, kinene, mguu unazama. Paka akaja, akakaa, akakitazama, akatoa kucha. Dakika moja tu. Kipande kikawa kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Bibi akaongeza kwamba zulia likishakunywa mkojo wa mbwa huitunza harufu hiyo mpaka uzeeni. Anajua, alikuwa nalo. Ndiyo sababu kavunja sakafu.

Mpango wa pili: mbao. Nikaegemeza ubao mmoja uliopigwa msasa na vanishi. Bibi akaupapasa kwa upendo kabisa. Kisha nikamwita Polepole aupite, kuonyesha uimara wake. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Alipita mara moja. Kucha zake zimechora ramani ya nchi nzima, na mito yake.

Pimamaji akapita na ndoo yangu. Ndoo yangu! Akasema pole, fundi. Ile "fundi" yake ina miiba.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikazunguka tangi la maji sijui mara ngapi. Nikamwona Bibi anaanua nguo. Gauni jeusi limejaa manyoya meupe. Shuka jeupe limejaa manyoya meusi. Nikasimama. Nikasema kwa sauti, peke yangu: kumbe!

Watu wote wanachagua sakafu kwa rangi ya ukuta. Mimi nitaichagua kwa rangi ya mbwa!

Mpango wa tatu basi. Nilimchana Polepole kwa brashi ya waya, ile ya kusugulia kutu. Alipenda, akanilalia mguuni. Paka hakupenda. Nina mstari puani kutoka huku mpaka huku. Lakini nikapata manyoya, nikayatia kwenye mfuko wa karatasi wa saruji, nikaenda duka la vigae. Muuzaji akaniuliza kama nimetoka kazini kwa kinyozi. Nilitia manyoya kidogo kwenye kila kigae, nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama. Cheupe: yanaonekana meusi. Cheusi: yanaonekana meupe. Cha kahawia: yote. Muuzaji akaanza kunifuata na ufagio.

Kisha kile cha kijivu. Haking'ai. Kina madoadoa meusi na meupe, kama mtu kakimwagia pilipili manga na chumvi. Nikaweka manyoya, nikarudi nyuma, yakapotea. Sikuyaona hata nilipotaka kuyaokota. Nikapitisha kiganja. Kinakwaruza kidogo tu, kama ulimi wa paka. Nikamwaga maji, nikapangusa, kikavu. Nikaomba msumari, nikachora kwa nguvu zangu zote. Msumari ndio ulioisha.

Nimerudi na vigae vinne kichwani, natembea kama bibi harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Kachagua! Kachagua changu!

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi Pimamaji aliwahi, kaleta kipande cha zulia la plastiki lenye picha ya mbao. Kalitandika, kalipima, likawa sawasawa. Bibi akauliza kucha je. Pimamaji akasema, kwa vipimo vyake, halichaniki. Polepole akaamka, akajinyoosha mwili mzima juu yake kama afanyavyo kila asubuhi, miguu ya mbele kwanza. Krrr. Pimamaji kakunja plastiki yake, kaondoka nayo kwapani.

Nikaleta vyangu. Nikampa Bibi manyoya ayamwage mwenyewe. Kavaa miwani. Kavua miwani, kaifuta, kavaa tena. Akaniuliza yako wapi. Nikamwambia, Bibi, hata mimi sijui! Kacheka mpaka kakaa. Mbwa akapita mbio juu ya vigae vyote vinne, akasimama mahali alipotaka kusimama. Akashangaa mwenyewe. Akarudi, akajaribu tena.

Bibi akamwambia Fundi: hivi, kama alivyochagua huyu bwana. Kaniita bwana. Nina mashahidi.

Fundi alijikuna shingo muda mrefu. Kisha akasema kesho saa mbili, Ndoo atabandika. Nilitazama chini kuhakikisha hasemi ile nyingine. Hapana. Mimi!

Shemeji atapiga magoti Jumamosi, atagonga kigae kimoja kimoja kwa kile kidole chake, na vyote vitajibu. Mwanangu fomu yake itakuwa kweli. Miaka minane inakuwa uongo, siku moja tu inakuwa kweli. Wino ule ule.

Jioni Fundi alitukalisha akaeleza jambo refu kuhusu ile saruji ya chini. Ilikuwa na vumbi ndani yake, maelezo hayo, na gundi, na kitu fulani kisichopatana na kitu kingine. Sikukamata yote. Nilikuwa namwona shemeji anagonga.

Nimenoa mwiko. Nimeuosha. Nimeunoa tena. Nimezunguka mtaa mara saba. Mwenye kioski kaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una malengelenge. Nitasema kwa nini.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watu. Nilitaka Pimamaji anikute nimeshaanza. Bibi hakuwapo, keshatoka na Polepole kumfuata yule mtoto wa mbwa kwa mdogo wake. Kwenye mlango wa sebule kabandika karatasi. Herufi kubwa, zimenyooka, mkono wa mtu aliyeandika ubaoni miaka thelathini:

PAKA MAFUTA SEBULENI. MLANGO USIACHWE WAZI.

Nikasoma. Nikasoma tena kwa kidole.

Sitaki mtu aseme sikufikiri. Nilifikiri sana. Nilijiuliza: mafuta, juu ya saruji, kabla ya vigae? Sijapata kuona. Lakini mimi niliishia darasa la sita, na huyu ni mwalimu. Kisha nikaona hekima yake. Mkojo! Mtoto wa mbwa anakuja. Mkojo ukipenya kati ya vigae, utakuta mafuta, utarudi juu wenyewe. Na mlango usiachwe wazi ili vumbi lisigande. Kila kitu kina sababu. Nikasema moyoni, kumbe elimu ni kitu kikubwa.

Tena nikaona kingine. Kaiacha karatasi wakati anajua wa kwanza kufika ni mimi. Ananipima. Nikiwahi kumaliza kabla Pimamaji hajaja, sifa ni yangu yote.

Stoo palikuwa na debe la mafuta ya kupaka milango. Nikaingia, nikafunga mlango kama nilivyoagizwa. Yule paka alikuwamo, kakaa juu ya dirisha. Nikamwamkia. Nilianzia kona ya mbali, kwa sifongo, kwa magoti, narudi nyuma. Nilipaka vizuri. Nilisema nitafanya kazi ya maana, nikafanya. Saruji ilikunywa kama ng'ombe. Debe likaisha kabla ya kona ya mwisho, nikaingia jikoni nikachukua mafuta ya kupikia. Kona haikuachwa. Paka kanikodolea macho muda wote, kama mtu anayesikia jina lake linatajwa ovyo.

Saa mbili Bibi karudi, kapu mkononi, mtoto wa mbwa kichwa nje. Pimamaji nyuma yake. Nikasema moyoni, sasa! Nikafungua mlango wote, nikasimama pembeni, mkono kiunoni.

Polepole aliingia kwanza.

Hakusimama tena. Alivuka sebule yote amekaa kitako, akageuka mara mbili njiani, akanizoa mimi na debe. Paka akaona ni wakati wa kutoka. Akaruka kutoka dirishani, akatua katikati, akateleza, akasimama, akapita juu ya vifuniko vya viti vilivyokunjwa ukumbini. Vile vya krimu.

Bibi akauliza, taratibu kabisa, hiki ni nini. Nikajibu kutoka chini nilipokuwa: kama ulivyoagiza, Bibi. Nimepaka mafuta sebuleni.

Bibi akatazama karatasi yake. Kisha akanyoosha kidole ukumbini, kwa yule paka aliyeng'aa mpaka masikioni, akasema: Mafuta ndiye huyo.

Jina lake! Toka utotoni, kwa sababu ya unene! Karatasi ilikuwa inatuarifu kwamba paka, anayeitwa Mafuta, yumo sebuleni, tusimwachie mlango akatoka.

Nikasema, basi Bibi, ungetia "yuko". Paka Mafuta yuko sebuleni. Ningeelewa.

Akaisoma tena karatasi. Muda mrefu. Akasema polepole ni kweli, haina kitenzi. Nadhani hilo lilimuuma kuliko sakafu.

Fundi alipofika hakupiga kelele mara moja. Alichuchumaa, akagusa, akanusa kidole. Akasema: na ya kupikia tena. Kisha ndiyo akapiga kelele. Kumbe ndilo jambo alilolieleza jana. Gundi ya vigae haishiki penye mafuta. Kabisa. Mpaka mchana uani palikuwa na neno moja tu: Fundi tazama viti vyangu! Fundi, fanya kitu! Fundi, huyu mbwa naye kala nini! Fundi! Fundi! Mtoto wa mbwa kapuni anasimamisha masikio kila linapotajwa.

Hukumu: saruji yote ibomolewe kwa tindo na nyundo, na mimi, mpaka chini. Jumatatu imwagwe mpya. Ikikauka atabandika Pimamaji. Vigae ni vile vile nilivyochagua mimi.

Nikaomba nibandike kimoja tu, popote, hata chini ya kabati. Kwa ajili ya shemeji. Fundi alinitazama. Nikaokota tindo.

Jumamosi, 8 Machi

Nabomoa tangu alfajiri. Saa saba Fundi kafunga kazi, kaniambia nikaoge, nanuka chapati.

Shemeji alinikuta mlangoni kwangu. Kanenepa. Hata kabla ya salamu aligonga ubao wa mlango wangu, akatikisa kichwa. Kaleta salamu za wote, na swali moja kutoka kwa mwanangu wa kwanza: sakafu ya baba ni rangi gani? Wenzake wameuliza.

Nikasema kijivu, ya madoadoa, haitelezi. Hapo sikudanganya hata neno.

Akasema twende.

Nilikuwa na mpango, jamani, mimi si mtu wa kukosa mpango. Nitampitisha upande wa ua wa michongoma, mnene, mrefu kuliko mtu, nimwonyeshe paa tu. Nitasema sakafu imo ndani, haijakauka, haikanyagwi. Njiani nikamweleza. Akasema ataingiza kichwa dirishani. Nikasema kuna harufu kali ya gundi. Akasema amesafiri siku mbili, harufu haitamuua. Jasho likaanza kunitoka kwenye magoti, sikujua magoti yanatoa jasho.

Tukafika kwenye ua. Nikamwonyesha paa. Akalitazama paa. Akanitazama mimi. Akaniambia, kwa upole, na upole wake ndio mbaya zaidi: shemeji, wewe kweli ni fundi?

Ndipo ikatoka sauti ya Bibi, ng'ambo ya michongoma, tamu kama asali: "Fundi! Fundi wangu! Njoo, baba, njoo!"

Shemeji akavua kofia.

Mimi mwenyewe niliganda. Toka jana nilijua ananichukia. Na sasa, Fundi wangu! Sauti ikaendelea: "Hutulii, Fundi! Tangu asubuhi unazunguka tu. Njoo ule." Ni mimi kabisa. Hakuna mwingine asiyetulia.

Shemeji akaniuliza mbona siendi. Nikasema niko na mgeni, kazi itasubiri. Akaipenda hiyo.

"Si hapo! Fundi! Nimekuambia mara ngapi usikojoe hapo!"

Shemeji akageuka taratibu. Nikacheka kidogo. Nikamwambia kwamba katika kazi yetu kukojoa ni kuzidisha maji kwenye saruji. Akafikiri. Akasema hata maseremala wana maneno yao. Kaniamini! Na mimi nilipokuwa nasema nikaona ni kweli, mchanganyiko wangu huwa na maji mengi kidogo.

"Haya, yamekwisha, sijakasirika. Fundi mzuri. Lala hapa nikukune tumbo."

Shemeji akavaa kofia.

Nikamshika mkono, nikasema twende, jua kali. Njia nzima hakugonga kitu.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaondoka asubuhi. Kaniambia kwamba ufundi wangu hana shaka nao tena, kausikia kwa masikio yake. Atamweleza dada yake kila kitu. Kila kitu, kasema mara mbili. Na kwa maoni yake mama watoto asingoje mwisho wa mwaka, apande gari wiki hii hii aje.

Nimefurahi sana. Kumbe sifa zinaenda haraka hivi.

Pimamaji kapita na gazeti. Alikuwa na habari ya yule mtoto wa mbwa, kwamba sasa kapata jina, kwamba siku ile kelele zilivyozidi uani alianza kuitika mwenyewe kila... Nikamkatisha. Nikamwambia habari za mbwa ampelekee mbwa. Wivu ni ugonjwa. Kanitazama, kacheka, kaenda zake.

Nimetembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kukaa siwezi. Fundi wangu! Alisema wangu!

Jumatatu, 10 Machi

Saa tano. Nimekaa juu ya mchanga, naandika haraka kwa furaha.

Asubuhi wamemwaga saruji mpya sebuleni. Pimamaji kaisawazisha, kaipima, inang'aa kama uji. Nimebeba ndoo bila kinyongo. Nilijua yangu inakuja.

Na imekuja! Nimetumwa maji, nimepita mlango wa jikoni, karatasi nyingine. Herufi zile zile. Safari hii kitenzi kimo, kakipigia na mstari chini, mara mbili, kwa ajili yangu:

FUNDI YUKO JIKONI. MLANGO USIACHWE WAZI.

Nimeisoma mara tano. Nimegeuka kumtafuta Fundi. Fundi yuko nje, barabarani, anagombana na dereva wa lori la kokoto. Pimamaji yuko ukumbini. Basi nani kati yetu anatakiwa jikoni? Jikoni hakuna sakafu ya maana, ni saruji tupu iliyopasuka. Kanipa jiko! Kwa maandishi! Maandishi ya mwalimu!

Nimefungua. Jikoni hapakuwa na mtu, ndipo nikaelewa kwamba nafasi inanisubiri mimi. Mtoto wa mbwa tu alikuwamo, kanipita katikati ya miguu, kaenda zake ukumbini. Sina ugomvi naye. Nimepima sakafu kwa hatua. Sita kwa nne. Kijivu, madoadoa, yale yale. Na maji kidogo safari hii.

Karatasi nimeibandua taratibu, isichanike. Nimeitia kwenye bahasha ya mwanangu. Wenzake wasome wenyewe. Mlango nimeuacha wazi kabisa, kila apitaye aone jiko ni la nani.

Bibi kaanza kuniita. Anapiga kelele kutoka sebuleni, na Pimamaji naye, na sasa Fundi anakimbia kutoka barabarani. "Fundi! Toka kwenye saruji! Fundi, toka, bado mbichi!"

Wananionea. Mimi niko huku nje kabisa, viatu vikavu. Lakini mtu akiitwa kwa heshima hakawii.

Nakwenda kuitika.